Siku Niliyomfuta Mume Wangu Kwenye Fomu

Mimi nikipewa fomu nafurahi. Wenzangu pale ghalani Louisville wakiona karatasi yenye visanduku wanaguna, wanaipeleka nyumbani na kuisahau juu ya friji hadi tarehe yake ipite. Mimi nakaa mezani, nachukua kalamu nyeusi, naijaza kuanzia juu hadi chini bila kuruka mstari. Kipaji hicho nilikipata kambini. Wazazi wangu ni Warundi, mimi nilikulia kwenye kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, na huko mtu asiyejua kujibu karatasi alikosa posho, au alibaki miaka mingine akisubiri ndege ya kwenda Amerika. Kwa hiyo mume wangu alipoitupa mezani bahasha nene kutoka Buffalo bila hata kuifungua, niliichana mimi, tena kwa hamu.

Mume wangu ni mtu wa Puerto Rico. Alihamia Buffalo na mama yake na dada yake akiwa mdogo, akaja Louisville ukubwani kufuata kazi ya kuendesha foklifti, gari la kuinulia mizigo pale ghalani, na siku ya kwanza tulipokutana nusura anikanyage nayo. Alishuka kuniomba radhi. Aliiomba kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na sasa ndoa yetu ina miaka sita. Nyumbani tunaongea Kiingereza chetu wenyewe, chake kina Kihispania ndani, changu kina Kiswahili, na wageni wakitusikiliza wanashangaa tunaelewanaje.

Bahasha ile ilimhusu mama yake. Mama mkwe anaishi Buffalo, mtaa wa Lower West Side, ghorofa ya pili, na kwa miaka kadhaa sasa anasahau. Alianza na sufuria jikoni. Ikaja njia ya kurudi nyumbani kutoka kanisani. Yakafuata majina. Mama yake mzazi alikufa akiwa hivyo hivyo, na mama yake mkubwa pia, kwa hiyo daktari aliposema ni demensia hakuna aliyeuliza imetoka wapi. Sasa kulikuwa na watafiti wanaochunguza jinsi ugonjwa huu wa kusahau unavyorithiwa katika familia zenye asili ya Amerika ya Kilatini, na walikuwa wameomba familia hii ishiriki: mama, watoto wake wawili, damu ya kila mmoja, na fomu ndefu ya historia ya ukoo.

Nieleze mapema kwa nini nilikuwa na hamu kiasi hicho. Nilikuwa na miaka thelathini na minne na nilitaka mtoto. Kanisani akina mama walikuwa wakinisalimia kwa kuangalia tumbo kwanza, uso baadaye. Na mume wangu, ambaye watoto wa majirani humpanda mgongoni kila Jumamosi mpaka analia mbavu, alikuwa amekataa.

"Nimzae halafu nimsahau jina?" aliniambia mwaka wetu wa kwanza. "Na yeye akikua amsahau wake? Acha ukoo wetu uishie kwangu."

Alikuwa ameshauhesabu ugonjwa ule kuwa wake. Akipotewa na funguo, uso unamshuka. Kila asubuhi nilimsikia bafuni akitaja mitaa yote aliyowahi kuishi, kwa mpangilio, na akikosea mmoja anaanza upya. Nilikuwa nampenda na nilikuwa namkasirikia, vyote viwili kwa siku moja, kabla hata ya chai.

Basi nikasema moyoni, wacha watafiti waje. Huenda wakasema kitu cha kumtoa mtu huyu bafuni.

Niliijaza ile fomu Jumapili moja baada ya ibada. Sehemu ya watoto wa mgonjwa niliandika bila kufikiri: wa kwanza binti, wa pili mwana, wote wa kuzaa. Hapo ndipo nilipofanya kosa, na ni kosa ambalo aliyekulia kambini tu ndiye angelifanya kwa mkono mwepesi namna ile. Kwetu fomu ilipouliza watoto, iliuliza nani anakula kwenye sufuria hii. Kadi yetu ya posho ilikuwa na watoto sita. Mama yangu alizaa watatu. Wawili walikuwa wa dada yake aliyefia njiani, na mmoja alikuwa wa jirani ambaye hatukujua alikoishia. Mama alituandikisha wote kama ametuzaa, akatufundisha jibu moja, na maofisa walipotuhoji mmoja mmoja ili tupelekwe Amerika, hakuna aliyeteleza. Tulipanda ndege watoto wote sita. Kwangu mimi kumtenga mtoto na kadi yake kulikuwa dhambi kubwa kuliko uongo.

Fomu iliuliza pia uzazi wa kila mtoto ulikuwaje. Tukampigia mama mkwe kwa video, mume wangu akinitafsiria pale Kihispania changu cha ghalani kilipoishia. Mambo ya jana mama hakuwa nayo, lakini ya zamani alikuwa nayo yote. Kuhusu binti yake alisimulia tufani, mabati ya paa yakipiga kelele, uchungu ulioanzia mgongoni, mkunga aliyefika amelowa na kuomba kahawa kwanza. Alijishika mgongo huku akicheka. Nikaandika.

"Na huyu?" niliuliza, nikimvuta mume wangu shavu mbele ya kamera.

Mama mkwe alimtazama kwa furaha. "Huyu alikuja na viatu vyekundu," alisema. "Kimoja kilikuwa kimepotea. Akala wali sahani mbili."

Mume wangu akacheka. "Kila mara ni viatu," aliniambia. "Viatu na wali."

Kalamu ilinigandia mkononi. Jamani, mimi hadithi hiyo naijua! Viatu sivijui, lakini mwanzo wake naujua. Mama yangu akisimulia nilivyozaliwa mimi, kuna mvua, kuna turubai linalovuja, kuna mkunga mwenye hasira. Akisimulia wale watatu wengine, anaanzia siku walipofika: huyu alifika na homa, huyu alifika amebeba kuku. Tumbo halimo kwenye hadithi zao. Nilikua nikiisikia tofauti hiyo bila kufundishwa na mtu, na sasa nilikuwa nimeisikia kwa Kihispania. Mwanamke anayekumbuka kahawa ya mkunga hawezi kuisahau mimba nzima ya mwanawe wa pili. Niliomba kwenda chooni, nikafunga mlango, nikajiziba mdomo kwa taulo na kurukaruka mpaka jirani wa chini akagonga dari yake.

Kama yeye si damu ya mama yule, basi ule ugonjwa wa ukoo haumhusu. Na kama haumhusu, mwanangu anakuja. Nilifikiri hivyo, moja kwa moja, bila kona.

Jioni hiyo hiyo nilivuka maegesho ya magari hadi kwa mama yangu, ambaye anakaa jengo linalofuata. Nilimkuta anachambua maharage. Nilimweleza yote kwa pumzi moja, nikitegemea atapiga vigelegele.

"Nyamaza," alisema.

"Mama, anaogopa ugonjwa ambao si wake."

"Aogope. Ana mama."

"Na mimi je? Mjukuu humtaki?"

"Namtaka sana. Lakini ukimtoa mtoto kwenye kadi, unampeleka wapi?" Aliacha kuchambua. "Kaka yako mdogo, siku mtu atakapomwambia mimi si mama yake, mtu huyo nitamfuata hadi mlangoni kwake. Na mimi miguu inaniuma."

Nilirudi nyumbani nikaifunga fomu kwenye bahasha yake kama nilivyokuwa nimeijaza, kila mtu kwenye mstari wake, nikaituma. Nilinyamaza wiki tatu. Kwa mtu mwenye mdomo kama wangu, wiki tatu ni ujenzi wa taifa.

Siku ya kutoa damu ilipangwa Jumamosi, kwa mama mkwe. Ijumaa tuliomba ruhusa kazini, tukaendesha hadi Reynoldsburg, nje kidogo ya Columbus, kwa wifi yangu. Kwetu wifi ni mtu wa kukuchunguza kama unampikia vizuri kaka yake. Huyu wangu ana miaka arobaini na mitano, anakaa peke yake kwenye fleti, anauza nguo dukani, anacheka hadi majirani wanajua, na tangu nilipomfundisha neno "wifi" ameligeuza jina langu. Alikuwa anakata vitunguu. Mume wangu alikuwa ametoka kujaza upepo kwenye tairi.

"Wifi," nilisema, "mume wangu alipofika kwenu alikuwa na umri gani?"

Kisu kilisimama. "Nani amekuambia?"

Nusura nimkumbatie. Jibu lilikuwa hilo tayari.

"Mama yenu," nilimwambia. "Amekuwa akisema miaka yote. Nyinyi ndio hamkusikia kwa sababu mmeizoea hadithi yake."

Alikwenda kuufunga mlango wa jikoni, ingawa nyumbani hatukuwa na mtu mwingine. Akanieleza kwa sauti ndogo. Yeye alikuwa na miaka saba. Binti wa jirani, msichana mdogo tu, alikuwa anatoka kisiwani kwenda bara, Marekani, kutafuta kazi kiwandani, akamwacha mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu kwa muda wa miezi miwili. Miezi miwili ikapita, ikapita mingine, na mama yao akaenda kwenye ofisi ya vizazi na kumwandikisha mtoto kuwa wake. Naye wifi aliapishwa na mama yake asiseme kamwe. Nilimsikiliza huku nikimwona mama yangu mwenyewe kwenye foleni ya posho, na kwa dakika moja nilimpenda mama mkwe kuliko nilivyowahi kumpenda.

"Mwambie kabla hatujafika Buffalo," nilisema. "La sivyo nitamwambia mimi."

"Hujui unachoomba."

"Najua vizuri sana. Naomba mtoto."

Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, nikadhani ni kitunguu. "Na mimi je?" aliuliza.

Nilifikiri anaulizia kiapo chake. Nilimwambia Mungu atamsamehe, nikachukua kisu, nikamalizia vitunguu mwenyewe. Nakumbuka nilikuwa nikiimba.

Kesho yake njia nzima wifi hakumwambia. Alikaa kiti cha nyuma akitazama nje, Cleveland ikapita, ziwa likaonekana na kupotea, na mume wangu, ambaye akiogopa huwa anachangamka kupita kiasi, alituimbia na kutusimulia mizaha ya kazini. Mimi nilikuwa nikimwangalia wifi kwenye kioo. Kila nikimkonyeza, anafumba macho.

Buffalo tulisimama Grant Street kununua ndizi mbivu, kwa sababu mama mkwe akila ndizi za kukaanga hutulia. Mwenye duka, mama wa Kikongo, alizichagua yeye mwenyewe.

"Bon, ndizi hii iko muzuri sana," aliniambia kwa Kiswahili chake chenye Kifaransa. "Lakini kesho itaoza, donc mukule leo leo."

"Tutakula leo, mama," nilisema. Nilikuwa na furaha ya kutosha kununua duka zima.

Mtafiti tulimkuta ameshafika. Alikuwa dada wa umri wangu, wazazi wake wametoka Jamhuri ya Dominika, ana kompyuta ndogo na sanduku la vifaa, na alikuwa ameshamfanya mama mkwe acheke. Tukakaa wote kwenye meza ya kulia. Kwanza alitueleza kazi yao, na mimi, niliyekuja nikiwa na jambo moja tu kichwani, nilijikuta nimeegemea mbele mpaka kiti kinainuka nyuma.

Alisema kwa miaka mingi waliochunguzwa sana ni Wazungu, na majibu yao yakachukuliwa kuwa ya watu wote. Kuna jeni moja inayojulikana kuongeza hatari ya ugonjwa huu. Lakini kwa Walatino haina uzito ule ule kwa kila mtu, kwa sababu ndani yao kuna damu ya Ulaya, ya wenyeji wa kale wa visiwa na bara, na ya Waafrika waliopelekwa kule utumwani, na kila familia imechanganya kwa namna yake. Inaonekana, alisema, kwamba jeni ile ile ikiwa imeshuka kupitia mababu wa Kiafrika huwa na makali kidogo kuliko ikishuka kupitia mababu wa Ulaya. Kwa nini iwe hivyo, ndicho wanachokitafuta. Na aliye nayo si lazima augue, na asiye nayo anaweza kuugua.

"Ni sisi!" nilisema, nikapiga meza. Nilichukua mkono wa wifi nikauweka kando ya wangu, wake una weupe kidogo tu. "Umesikia? Babu zangu wamo humo wanakulinda!"

Wifi alicheka kwa mara ya kwanza siku ile, kicheko kidogo. Mama mkwe naye akacheka kwa sababu sisi tumecheka.

"Labda," mtafiti alisema, akitabasamu. "Ndiyo maana tunahitaji damu nyingi zaidi za watu wetu. Bado hatujui."

Sijui niwaelezeje. Nilikulia mahali ambapo kila karatasi ilituuliza tunakotoka ili iamue kama tutakula. Hapa kulikuwa na mtu anayeuliza swali lile lile kwa sababu jibu linaweza kumponya mtu. Damu ilinichemka. Nilitaka hata yangu aichukue.

Kisha akaifungua fomu yangu kwenye kompyuta na kuanza kuisoma kwa sauti, ili tuthibitishe. Mgonjwa, ndiyo. Mama wa mgonjwa, ndiyo. Watoto wa kuzaa wa mgonjwa, wawili.

"Ndiyo," mume wangu alisema.

Alikuwa ameshakunja mkono wa shati. Mkanda wa mpira ulikuwa tayari umefungwa, na mkono ule unaoinua mizigo siku nzima ulikuwa unatetemeka mpaka meza inasikika. Alikuwa amefumba macho kwa nguvu kama mtoto kwenye chanjo. Nilimtazama wifi. Wifi alitazama dirisha. Nilimkumbuka mama yangu na maharage yake, na namwomba msamaha mpaka leo, lakini sikuweza.

"Mfute," nilisema.

Mtafiti aliinua macho. "Nani?"

"Mume wangu. Mtoe kwenye mstari huo. Nimekosea mimi nilipojaza. Si mtoto wa kuzaa."

Halafu mume wangu akafumbua macho, akanitazama, akamtazama dada yake, na dada yake alikuwa analia bila sauti, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuongeza kitu. Mtafiti aliufungua ule mkanda taratibu na kusogeza vitu vyake pembeni. Mume wangu akamgeukia mama yake. Alimuuliza kwa Kihispania, na swali lilikuwa fupi kiasi kwamba hata mimi nililielewa: nani alinileta?

Mama mkwe hakushtuka. Uso wake ulifunguka kama wa mtu aliyeulizwa jambo analolijua.

"Msichana wa jirani," alisema. "Alilia sana barabarani. Nikamwambia, nenda tu, nitakurudishia siku ukirudi." Alimshika mume wangu kidevu. "Kila siku nilichungulia barabara. Hakurudi, na mimi nikamshukuru Mungu."

Mume wangu alisimama na kutoka. Nilimfuata, nikamkuta kwenye ngazi, amekaa. Furaha yangu yote ilikuwa imeshuka miguuni. Nilitaka kumwambia kuhusu mtoto, lakini kwa mara moja maishani mdomo ulikuwa na akili.

"Umejua lini?" aliuliza.

"Wiki tatu."

"Ukachagua leo. Mbele ya mgeni, mkono wangu umefungwa."

"Nilichagua vibaya," nilisema. "Lakini sijutii kusema. Najutia wapi na vipi."

Nami nilikaa ngazi moja chini yake. Chini kule mlangoni watoto wa Kiburma walikuwa wakirushiana mpira, na tuliwasikiliza mpaka mmoja akaitwa ndani. Kisha aliinuka, akarudi juu, akaenda moja kwa moja kwa mtafiti.

"Kwa hiyo mimi sifai tena?"

"Unafaa," mtafiti alisema. "Tunahitaji pia watu wa visiwa vile vile wasio wa ukoo huu, ili tulinganishe. Ila ni ridhaa nyingine, na si lazima iwe leo. Mtu akishtuka hatumchukui damu kwa haraka."

"Leo," mume wangu alisema, akakaa na kukunja tena mkono wa shati. Mtafiti alimsomea maelezo yote upya, akamuuliza mara mbili. Safari hii mkono haukutetemeka. Niliona hilo, na furaha yangu ikaanza kunirudia kidogo kidogo, bila aibu.

Wifi alifuata. Sindano ilipotoka, alibaki amekaa huku amebonyeza pamba, akamwambia kaka yake kitu ambacho aliona ni haki yake kukisema kwa Kiingereza ili nami nikielewe.

"Miaka ya kwanza nilinyamaza kwa ajili ya mama," alisema. "Mama alipoanza kusahau, ningeweza kukuambia. Nilikuona unavyoogopa, nikanyamaza kwa ajili yangu. Nilitaka tuogope wawili." Alinionyesha kwa kidevu. "Mke wako amekutoa. Mimi nimebaki humo peke yangu."

Ndipo nilipolielewa lile swali la jikoni. Na mimi jana yake nilikuwa nimemjibu kwa Mungu na kitunguu. Nilisimama nikaenda kukaanga ndizi kwa sababu sikujua pa kuiweka mikono yangu. Mume wangu alikaa na dada yake mezani, bega kwa bega, wakila kutoka sahani moja, na mama yao akiwahimiza waongeze.

Kurudi tulirudi Jumapili. Tulimshusha wifi Reynoldsburg saa sita mchana. Alinikumbatia vizuri, sikusikia chuki mwilini mwake, ila alikuwa mwepesi, amechoka. Alisema ataenda kwa daktari wake aulize habari ya kupimwa jeni, na mshauri wa mambo hayo, maana watafiti majibu ya mtu mmoja mmoja hawatoi. Mume wangu alimsikiliza, akamwambia ampigie akishapata siku. Tukaondoka.

Tuliipita Cincinnati na kusimama kujaza mafuta. Mume wangu alishuka, akajaza, akarudi, akakaa bila kuwasha gari.

"Tuhamie Reynoldsburg," alisema.

"Louisville kuna kazi yako. Kuna mama yangu."

"Maghala yapo Columbus pia. Mama yako tutamshawishi." Alikuwa anaangalia mbele. "Siku dada yangu akianza kusahau sufuria jikoni, nani atakuwa karibu? Mimi ndiye nitakayekuwa na kichwa kizima. Pengine." Alishika usukani. "Na sitaki mtoto akulie mbali na shangazi yake."

"Mtoto yupi?" niliuliza. Nililisikia vizuri neno lile, ila nilitaka alirudie.

"Wetu," alisema.

Nilipiga vigelegele humo humo ndani ya gari, vya harusi kabisa, mpaka dereva wa lori aliyekuwa pampu ya pili akageuka na kutabasamu. Nilimbusu, nikalia, nikacheka, nikampigia wifi simu, nikaiweka kwenye spika. Nilimwambia yote kwa kelele, kuhama, mtoto, kila kitu.

"Basi fanyeni haraka," wifi alisema. "Nataka nimjue huyo mtoto nikiwa bado na akili zangu."